Msikimbie Chumba cha Kupimia Masikio

Wajukuu zangu, nasikia mnaambizana kwamba mwenye mvumo masikioni asithubutu kwenda kupimwa usikivu, eti mashine itamzidishia. Wengine mmeshaandikiwa barua ya rufaa na daktari, mkaikunja na kuitia mfukoni. Neno hili limenikera, maana ni ukweli robo na uongo robo tatu, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kumtoka mtu kichwani.

Mimi nasema kama mwenye donda. Ujana wangu niliumaliza kwenye korona ya mkonge, upande wa Tanga, mashine inayosaga majani kutwa nzima hata watu wa zamu moja huongea kwa mikono. Hatukupewa kitu cha kuziba masikio. Mvumo nilioondoka nao kule ninao hadi leo, wiii nyembamba upande wa kushoto, na chumba cha kupimia nimeshakizoea.

Kwanza mjue kinachofanyika mle. Unakaa kwenye chumba kilichozibwa kisipitishe sauti, unavishwa hedifoni, unapewa kitufe. Mpimaji kwa kawaida huanza na mlio wa hezi 1,000, desibeli 30 au 40 hivi kwa mtu anayeonekana anasikia vizuri. Ukibonyeza, anashusha desibeli 10. Ukinyamaza, anapandisha 5, akishuka na kupanda mpaka aipate sauti ndogo kabisa unayoweza kuinasa. Kisha anahamia milio mingine, mizito hadi hezi 250, myembamba hadi 8,000. Kila mlio ni sekunde 1 au 2 tu. Mazungumzo ya kawaida barazani ni desibeli 60 hivi. Kwa hiyo kijana mwenye masikio mazima hupimwa mwanzo hadi mwisho kwa sauti ndogo kuliko ya mama yake anapomwita kula.

Aliyepungukiwa usikivu atapandishiwa, ndiyo, pengine hadi 80 au 90 kwenye ile milio isiyomfikia. Hapo ndipo watu hushtuka. Lakini kelele hudhuru kwa ukubwa na muda vikiwa pamoja. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu; kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Sekunde 2 kwenye 90 ni kidogo mno mbele ya hesabu hiyo.

Basi mbona wapo wanaotoka mle wakiapa kwamba mvumo umezidi? Hawasemi uongo. Mbu wa chumbani husikika taa ikishazimwa na watu wakishanyamaza, ilhali alikuwamo tangu magharibi. Mwaka 1953, watafiti wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaketisha watu 80 wasio na lalamiko lolote la masikio ndani ya chumba cha ukimya, wakawataka waandike wanachosikia. Asilimia 94 walisikia sauti za vichwani mwao wenyewe: mvumo, filimbi, mngurumo. Hao walikuwa wazima. Sembuse wewe uliyeingia na mvumo wako, moyo unadunda, umekesha ukisoma habari za kutisha kwenye simu, halafu unaambiwa usikilize kwa makini kila mlio mdogo? Ubongo ukishaelekezwa kuusaka mlio, utaupata, na hofu huupandisha. Kwa walio wengi hutulia baada ya saa kadhaa, au siku moja mbili. Ukitoka usikimbilie tena mahali pa kimya ukaanza kujisikiliza; washa feni, weka redio kwa sauti ya chini, zungumza na watu. Na kama milio ya kipimo inafanana na mvumo wako hata hujui ubonyeze lini, mwambie mpimaji akuletee mlio wa kukatikakatika. Mashine inaweza.

Sasa ile robo ya ukweli, nayo sitaificha.

Baada ya hedifoni, pengine utatiwa mpira mdogo kwenye tundu la sikio. Kuna kipimo cha hewa, kinachobadilisha mgandamizo ili kuona kama kiwambo cha sikio kinacheza sawasawa. Utahisi sikio linaziba kidogo, na utasikia mlio mzito; hicho hakina neno. Lakini mpira huohuo hutumika kwa kipimo kingine, cha kuona kama msuli mdogo wa sikio la kati unajikunja unaposhtuliwa na sauti kubwa. Hapa milio huanzia desibeli 70 au 80 na kupanda hadi 100, na mashine nyingine zinaweza kuvuka 110. Ipo hata namna yake ambayo mlio huachwa sekunde 10 mfululizo, desibeli 10 juu ya pale msuli ulipoanza kujikunja. Katika maandishi ya kitabibu zimo taarifa za wagonjwa wachache walioingia kwenye kipimo hiki wakatoka na mvumo mpya, au usikivu umeshuka. Ni wachache sana, lakini wamo, na ndiyo sababu wapimaji waangalifu hujiwekea kikomo wasikivuke. Wako pia wenye kupima kiwango cha sauti unachoshindwa kukivumilia, nako huenda juu.

Si kila mtu anahitaji vipimo hivi vya sauti kubwa. Kwa hiyo, kabla hujavishwa chochote, sema: "Samahani daktari, nina mvumo masikioni na sauti kubwa zinanisumbua. Leo mtapima pia ule msuli? Mtapandisha hadi wapi? Nikisikia maumivu niinue mkono?" Hayo si maneno ya utovu wa adabu. Mpimaji anayeijua kazi yake atakueleza anatafuta nini, atapunguza, au ataacha kabisa kama jibu halitabadilisha matibabu. Akikujibu kwa ukali, muombe akupime kwa hedifoni pekee na usikubali zaidi. Uungwana wetu wa kumwitikia mtu wa koti jeupe kila analosema una mipaka yake.

Tahadhari hiyohiyo ichukueni kwenye picha ya MRI, ambayo wenye mvumo wa sikio moja huandikiwa mara nyingine ili kutazama kama kuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Ile mashine hugonga kwa zaidi ya desibeli 100, tena kwa dakika nyingi. Usilale ndani yake bila vizibo vya masikio, na ukiweza vaa na vifuniko juu yake.

Linalonishangaza ni jingine. Kijana huyohuyo anayeogopa mlio wa sekunde 2 nitamkuta Jumamosi amesimama mbele ya spika za muziki wa singeli hadi alfajiri, arudi masikio yamezibwa, alale, kesho yake apachike tena hedifoni za simu na sauti mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa usikilizaji wa namna hiyo, na mpaka linaouweka kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sisi wa korona tulikuwa na kisingizio cha mshahara. Ninyi mna kipi?

Na ukitoka kwenye ngoma kama hiyo usiende kupimwa asubuhi yake, kwani sikio lililochoka hutoa majibu ya uongo. Lipumzishe kwanza; huko Marekani sheria ya kazi hutaka saa 14 bila kelele za kazini kabla ya kipimo cha mwanzo.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mvumo una sababu nyingi, na nyingine ni nyepesi: nta iliyojaa, au dawa. Sisi tuliotibiwa malaria kwa kwinini tuliuzoea, na dozi ikiisha mvumo uliondoka. Aspirini ikizidishwa huuleta vilevile. Lakini sindano kama streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuua usikivu usirudi tena, na anayechomwa akianza kusikia mvumo amwambie daktari siku ileile. Bila kupimwa utabahatisha, na kubahatisha kwetu nakujua: mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu, kijiti cha pamba. Acheni.

Mvumo unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au ulioshika sikio moja tu, au ulioandamana na kizunguzungu, huo upelekeni hospitali bila kungoja mwisho wa mwezi. Na ukiamka sikio moja limezima ghafla, hiyo ni dharura hata kama haliumi. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kukupa, nazo hufaa zaidi zikianza ndani ya siku chache. Nenda siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili, na ukifika omba kupimwa.