Uwanja wa Watu Wote ni wa Nani?

Kijijini hakuna aulizaye swali hili. Pana mti mkubwa, na chini yake pana kivuli; wazee huketi hapo kuamua mashauri, watoto hucheza, na mgeni aliyechoka hutua mzigo wake. Mahali hapo hapana hati, wala hapana mtu awezaye kusema, "Hapa ni pangu." Desturi yapalinda.

Mjini mambo ni mengine. Huko kila kipande cha ardhi kimepimwa na kuwekewa mawe ya mpaka, na kila kipande kina bei yake. Mahali pasipojengwa huonekana kama mali iliyolala bure. Basi twauliza: Je, ni haki kuacha ardhi wazi katikati ya mji, hali watu wengi hawana mahali pa kulala wala pa kuuzia? Na kama ni haki, yapasa uwanja huo uwe wa namna gani?

Tutazame kwanza mji wa Dar es Salaam. Mwaka wa 1891 Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo wakayaweka huko, na mwaka ule ule wakatoa kanuni ya ujenzi. Kanuni hiyo iligawa mji kwa namna ya nyumba: hapa nyumba za mawe kama za Ulaya, pale nyumba za udongo na makuti. Waingereza walioutwaa mji mwaka wa 1916 waliufuata mgawo huo, wakauthibitisha katika miaka ya 1920. Sheria ilitaja kuta na mapaa, haikutaja rangi ya watu. Lakini watu walijua maana yake, wakaziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Tena kati ya Uhindini na Kariakoo ardhi iliachwa wazi, nayo ndiyo Mnazi Mmoja. Wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya, ili maradhi yasivuke kutoka upande huu kwenda upande ule. Basi uwanja ule ulifanywa ili watu wasikutane.

Hapa pana fundisho. Nyasi na hewa zaweza kuwatenga watu sawasawa na ukuta wa mawe. Mwenye kuchora ramani ya mji huamua mahali pa njia na miti, na papo hapo huamua nani atakutana na nani. Kwa hiyo kazi yake yahitaji dhamiri njema kama vile ihitajivyo mkono hodari.

Lakini ona yaliyofuata. Katika miaka ya 1950 watu walikusanyika Mnazi Mmoja kumsikiliza Julius Nyerere na wenziwe wa TANU wakidai uhuru. Mahali palipokuwa mpaka pakawa baraza. Kumbe nia ya mchoraji ina nguvu, wala haina neno la mwisho. Watu kwa kupita, kuketi na kusemezana huujenga uwanja mara ya pili. Ila hawawezi kuujenga mara ya pili ukiwa umekwisha kuuzwa.

Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Nairobi. Bustani iitwayo Uhuru Park ilifunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Mwaka wa 1989 ikajulikana ya kuwa chama tawala chakusudia kujenga humo jumba la orofa 60. Wangari Maathai, aliyeanzisha shirika la Green Belt Movement mwaka wa 1977, aliandika barua nyingi kulipinga. Akauliza kama yuko mtu awezaye kukubali jumba la namna hiyo lijengwe katika Hyde Park ya London. Alidhihakiwa Bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi yake. Lakini waliotazamiwa kutoa fedha walijitenga, na jumba halikujengwa. Mwaka wa 1992 akina mama ambao wana wao walifungwa kwa ajili ya siasa waliketi katika pembe ya bustani ile ile, wakakataa kula. Polisi wakawapiga na kuwatawanya. Ndipo walipopokewa katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu, wakakaa humo muda mrefu. Mwaka wa 1993 wengi wa wafungwa hao walifunguliwa. Kama jumba lile lingalijengwa, mama hawa wangaliketi wapi?

Labda mtu atasema: "Maskini hali nyasi. Mjengee duka apate kazi." Neno hili lina uzito, wala tusilidharau. Lakini tufikiri. Tajiri ana bustani yake nyuma ya ukuta wake. Maskini aishiye na watoto watano katika chumba kimoja hana ua, hana kivuli, hana mahali pa kumpokea mgeni, ila uwanja wa wote. Ukiuuza, umeiuza bustani yake pekee, naye hakuulizwa. Amri ya saba yakataza wizi, nasi twadhani mwizi ni yule avunjaye mlango usiku. Lakini mwizi wa kuku hushitakiwa na mwenye kuku. Mwizi wa uwanja hana mshitaki, maana kila mtu adhani mwenyewe ni mwingine.

Wala haitoshi uwanja usiuzwe. Uwanja usio na mti ni jangwa saa sita mchana. Njia yenye ngazi peke yake humkataza mzee na mwenye kiti cha magurudumu. Benchi lililofanywa makusudi ili mtu asiweze kulala humwambia mnyonge, "Nenda zako." Mahali pasipo taa, mwanamke huogopa kupita jioni. Mambo haya ni madogo machoni pa fundi, lakini ndani yake twaona kama fundi alimhesabu kila mtu kuwa mtu.

Tena tusiwanyoshee kidole wakubwa wa miji tu. Makanisa yetu mengi ya mijini yana viwanja vyao, nasi pia twashawishwa kukata miti na kuzunguka ua kwa fremu za maduka, kwa sababu kodi yake hujenga na kulipa. Kodi si dhambi. Lakini kabla ya kukata mti wa mwisho, wazee wa usharika na waulize: Ni nani huketi hapa siku isiyo ya ibada? Mchuuzi apumzikaye, mgonjwa atokaye hospitali, mtoto angojaye mama yake? Hao hawana kiti katika halmashauri yetu. Yatupasa sisi tuseme kwa ajili yao.