Usipeleke Kisu Chako kwenye Grainda

Wajukuu wangu wa Kimulot, nimewaona mkitoka sokoni na visu vya kukunja, vizuri, vya chuma safi. Mmevinunua ili mpandikize miche ya avokado, na hilo limenifurahisha. Kisha nikamsikia mmoja wenu akisema kisu chake kimeanza kuwa butu, kwa hiyo atakipitisha kwa mchomeleaji pale senta kipigwe grainda dakika moja. Hapo nikaona nisinyamaze.

Mimi nilifanya hivyo ujanani. Kilikuwa kisu cha baba, rotwet yake, alichokinoa miaka yote kwenye jiwe la mtoni. Cheche ziliruka, nami nikafurahi kuona kinang'aa. Nilipokitazama kwa karibu, ukingo ulikuwa umegeuka samawati na zambarau kama shingo ya njiwa. Sikujua kwamba rangi ile ni msiba. Chuma cha kisu huchomwa na kuzimwa ghafla kiwe kigumu, kisha hupashwa moto tena kwa kipimo kisije kikavunjika kama kioo. Kikipata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, rangi ile hutokea, na sehemu ya ule ugumu imekwenda. Tangu siku ile kisu cha baba hakikukaa na makali hata siku mbili.

Basi nunueni kinoo chenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Kilowesheni maji, mkiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Anayeanza hushindwa na jambo moja, nalo ni mlalo wa kisu. Mara amekiinua, mara amekilaza, na kila anapopitisha anafuta kazi aliyoifanya kabla. Chukua karatasi, kunja pembe yake nusu, kisha nusu tena. Utapata nyuzi 22 na nusu, mlalo unaokufaa. Paka wino wa kalamu kwenye makali, pitisha kisu mara mbili, halafu tazama. Wino ukifutika upande wa mgongo tu, umekilaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, umekiinua mno.

Usikikandamize. Noa upande mmoja mpaka, ukiupapasa upande wa pili kutoka mgongoni kuelekea nje, uhisi kama uzi mwembamba wa chuma umejikunja pale ukingoni. Uzi huo ndio unaokwambia umefika, na kabla hujauhisi usigeuze kisu. Ukishageuza na kunoa upande wa pili vilevile, hamia kwenye upande laini wa kinoo kwa mkono mwepesi, kisha kivute kwenye mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia, mpaka uzi ule uishe.

Jaribu makali kwa karatasi, usijaribu kwa kidole gumba. Wala msidhani kisu butu kina usalama. Hicho ndicho hukata watu, kwa kuwa unakisukuma kwa nguvu kikateleza, na kama hakina komeo kinajifunga juu ya vidole vyako. Ukikatwa, osha jeraha kwa maji mengi, uende zahanati uulizie sindano ya pepopunda.

Mti nao hupata jeraha. Kikonyo cha avokado, kijiti unachokipandikiza, kilichokatwa kwa mkato mmoja laini hukutana na shina, maji ya mti yakapita. Kilichotafunwa na kisu butu hukauka, na mche wako umepotea. Chai ni vilevile: tawi likipasuka siku ya kupogoa, maji ya mvua huingia na kisiki huoza.

Na mvua ya huku mnaijua. Utomvu wa chai hugeuza chuma kuwa cheusi, na unyevu hukipa kutu usiku mmoja. Kifute, kikaushe, kitie tone la mafuta kabla ya kukikunja.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema makali hayo yalipatikana kwa dakika moja. Kile kisu cha baba ninacho bado, na doa lake la samawati bado lipo karibu na mpini. Njooni Jumapili jioni, baada ya kukama, mlione kwa macho yenu. Kisha tukae barazani, kila mmoja na kisu chake, na jiwe likiwa katikati yetu.