Mchezo Mpya Kila Mwaka: Tununue au Tusinunue?

Vijana wetu wa Kibokoni na Kuze huuliza: je, mchezo mpya wa mpira wa kuchezea kwenye PlayStation wastahili kununuliwa? Suali hili si dogo, kwani ndani yake mna mali, wakati na akili.

Kwanza yatupasa tuseme haki: upya wa kitu si dhambi, na kucheza kwa kiasi si haramu. Wazee wetu walicheza bao barazani, na adhana ikilia wakainuka. Lakini ubao wa bao hununuliwa mara moja, ukarithiwa na wajukuu. Ama mchezo wa FIFA, tangu 1993 hadi 2022, ulitolewa mpya takriban kila mwaka. Na tangu 2023 waendelea kwa jina la EA Sports FC. Basi anunuaye kila mwaka na ajiulize: nanunua mchezo, au naogopa kuchekwa na wenzangu?

Pili, na hili ndilo zito: ndani yake huuzwa pakiti zilizofungwa, mtu hutoa fedha asijue atapata mchezaji gani. Kulipia kisichojulikana ni gharari, jirani ya kamari. Ubelgiji, ambayo sheria zake hazikutokana na Uislamu, iliamua mwaka 2018 kuwa ni kamari. Je, sisi tulioonywa zamani tuwe wa mwisho kuona?

Rai yetu ni hii: kijana aliyetimiza haki za wazazi na masomo yake, akanunua mchezo mmoja akautumia miaka mitatu, hatumlaumu. Ama pakiti zile, asinunue hata moja.