Fimbo ya Kushukia Lyamba lya Mfipa

Kijana mmoja wa Sumbawanga alikubaliana na wenzake washuke kwa miguu hadi Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Asubuhi ya safari alikata mkaratusi mbichi uani kwa jirani, mwembamba, umenyooka, akaumenya maganda na kuona kazi imekwisha. Mzee wa nyumba ile akamwita.

"Mjukuu wangu, hiyo ni ya kuchungia mbuzi."

"Nitaangalia, babu," akajibu kwa adabu, akaenda zake.

Sumbawanga iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 800 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka kwenye Lyamba lya Mfipa, ukingo mkali wa bonde, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukipanda, fimbo hukusaidia tu. Ukishuka, uzito wa mwili huiangukia kila hatua. Ile ya kijana ilimfaa tambarare yote. Kwenye mteremko alikanyaga jiwe likabiringika, akaegemea kwa nguvu zote; fimbo ikapinda, ikakatika pale tawi lilipokuwa limechipuka. Alitua kwa kiganja, mkono ukavunjika.

Fimbo ya yule mzee nayo ni ya mkaratusi. Ila aliikausha miezi kadhaa kivulini, kwa sababu mti huu ukikaushwa juani upesi hupasuka. Alichagua kipande kisicho na alama za matawi, chenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja, kisha akakilaza juu ya mawe mawili na kukikandamiza kwa uzito wake kabla ya kukiamini. Urefu aliupima akiwa amevaa viatu vya safari, kiwiko kimekunjwa kama pembe ya meza, akaongeza shubiri moja kwa ajili ya kushuka. Kwa kupanda ana mshiko wa pili chini ya ule wa juu. Yote miwili imezungushiwa tyubu ya baiskeli, ambayo haitelezi hata kiganja kikitoka jasho.

Nchani kuna pete ya bomba la chuma, iliyopigiliwa ili mti usichanike. Chuma si kigeni huku: Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Sioni kwa nini mtu wa huku asubiri fimbo za alumini za wapanda Kilimanjaro. Juu ya pete huvishwa raba ya tairi kuukuu. Hiyo hung'ang'ania mwamba, lakini kwenye tope la masika huteleza, kwa hiyo mzee huivua na kuacha chuma kichome ardhi.

Mti wenyewe ukatwe kwenye shamba la mtu, kwa ruhusa yake. Usiukate msituni: Msitu wa Mbizi wa huku ni hifadhi, tena ndiyo makazi ya mbega wekundu.

Ukiweka kamba ya mkono, ingiza kiganja kutokea chini ili uzito ukae kwenye kamba. Ukifika kwenye kijito, itoe kabisa mkononi kabla ya kuingia majini.