Je, Twamsaidia Mgonjwa, au Twamnyang'anya?



Ni wachache miongoni mwetu, kuanzia Korogwe mjini mpaka vijiji vya Handeni, wasioijua nyumba ambamo mtu amepatwa na kiharusi. Jana alikuwa akipalilia mahindi yake. Leo mkono na mguu wa upande mmoja havimtii, mdomo umepinda, na maneno hayatoki. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Siku za kwanza sote twakimbilia kumwona. Lakini hapa twataka kufikiri juu ya mwaka wa pili na wa tatu, wakati wageni wamekwisha kupungua, na mgonjwa na jamaa zake wamebaki na kazi ya kuishi. Swali letu ni hili: tunapomfanyia kila kitu ndugu aliyepooza, je, twamsaidia, au twamnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho?

Kwanza yatupasa kuufahamu ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu ikavuja. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo mtu aweza kukaa nalo miaka mingi bila kusikia maumivu yo yote. Wako wasemao ni upepo mbaya, na wako wasemao amerogwa. Maneno hayo yaleta hasara mbili: mgonjwa hucheleweshwa kufika hospitali, na jirani asiye na kosa hutafutiwa kosa. Wala si ugonjwa wa nchi za mbali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, walipata kila mwaka wagonjwa wapya 109 hivi katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 hivi huko Dar es Salaam. Hesabu hii ya mjini ilizidi zile za nchi nyingi zilizo tajiri kuliko yetu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu, tuliyefundisha naye chuo cha ualimu, aliyepatwa na kiharusi upande wa kuume. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali tukawa tukienda kumtazama Jumapili baada ya Misa. Tuliketi, tukamwuliza mkewe, "Anakula? Analala? Dawa anameza?" Mwenyewe yu pale kitini akitutazama. Akijaribu kusema neno, tulimmalizia, na mara nyingi tulimmalizia visivyo. Uji ukiletwa, mmoja wetu alishika kijiko akamlisha. Kisha tukaondoka, tukiona tumetenda tendo la huruma.

Mara ya tatu alifumba kinywa akageuza uso. Binti yake akatufuata mpaka njiani, akatuambia kwa adabu, "Wazee wangu, msikasirike. Baba anaweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Inamchukua nusu saa, na nguo zinachafuka, lakini anakula mwenyewe. Siku mnazokuja ninyi, hali."

Tuliona haya sana, na zaidi kwa kuwa tulikuwa walimu. Miaka mingi tuliwaambia vijana wetu chuoni kwamba mwalimu anayemshikia mtoto kalamu tangu Januari mpaka Desemba hamfundishi kuandika. Somo hilo tulilisahau mara tulipomwona rafiki yetu mgonjwa.

Na ndivyo wasemavyo wataalamu wa mazoezi ya viungo, kama wale wanaosomeshwa KCMC kule Moshi. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini sehemu iliyo hai yaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, na hujifunza kwa kurudiarudia. Kiungo kisichotumiwa hukakamaa na kulegea. Nafuu iliyo kubwa huonekana katika miezi ya kwanza, walakini mazoezi hufaa hata baada ya miaka. Basi kufunga kifungo cha shati, kujimiminia maji, kutembea mpaka mlangoni, vyote hivi ni dawa. Tukimfanyia, tumeimwaga dawa yake. Wenye umri wetu huko Handeni wanawakumbuka watoto wenye polio waliotunzwa Kwamkono, karibu na hospitali ya Kanisa. Waliomhurumia mtoto wa namna ile hawakumbeba siku zote, walimpa gongo.

Lakini mwingine atajibu, "Mila zetu zasema mzee huhudumiwa. Nikimwacha baba ahangaike na kijiko, majirani watasema nimemtupa." Jibu hili lina uzito, wala hatulidharau. Kumwacha mgonjwa peke yake si kumsaidia. Anayekula mwenyewe ahitaji mtu wa kumketisha wima na kuangalia asipaliwe. Anayejaribu kusimama ahitaji mtu wa kumkinga asianguke, wala asivutwe kwa mkono ule uliolegea, kwa maana bega lake laweza kuumia. Kazi ya msaidizi haipungui, bali yazidi, kwa kuwa kungoja ni kazi ngumu kuliko kulisha. Twakiri kwamba mara nyingi tulimlisha mwenzetu kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa na haraka, tukaiita haraka yetu huruma.

Liko jibu la pili, nalo ni zito zaidi. Wako wasiopata nafuu. Miezi yapita, mazoezi yamefanywa kwa bidii, na mkono haukuinuka. Tukisifu juhudi tu, tutamwambiaje mtu huyu? Je, utu wake umepungua kwa kuwa hawezi kushika kijiko? Hasha. Hapa ni lazima tujihadhari, tusije tukamwondolea mgonjwa mzigo mmoja na kumtwika mwingine, yaani mzigo wa kuona kwamba hakupona kwa sababu hakujitahidi. Bwana wetu alimwambia Petro kwamba akiwa mzee mwingine atamfunga nguo na kumpeleka asikotaka. Na maneno hayo hayakuwa ya kumdharau Petro. Mtu ni sura ya Mungu hata asipoweza kujifunga nguo, na kukubali kuvikwa na mwingine kwaweza kuwa unyenyekevu mkubwa.

Basi tushike lipi, kumbeba au kumwachia? Tuitazame habari ya yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamteremsha. Peke yake asingefika. Lakini alipoambiwa ainuke, kitanda chake alikichukua mwenyewe, wala wale wanne hawakumpokonya. Na yule kipofu wa Yeriko, ambaye haja yake kila mtu aliiona, Bwana alimwuliza kwanza ataka afanyiwe nini. Hapo ndipo tulipopata kipimo chetu. Ikiwa mgonjwa ameulizwa, na jibu lake limengojewa, hata kumlisha ni heshima. Asipoulizwa, hata kumfanyisha mazoezi kwaweza kuwa kumtawala.

Tusidhani kwamba asiyesema hafahamu. Wengi waliopotewa na maneno, akili yao yafahamu mambo mengi. Louis Pasteur, yule mtaalamu wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi mwaka 1868 akiwa na umri wa miaka 45, upande wake wa kushoto ukadhoofika. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa aliitumia kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1885. Si wote watakaotenda makubwa hivyo, lakini hata mzee wa kijijini aliyekuwa akiulizwa habari za shamba na mahari aweza bado kuulizwa, naye akajibu kwa kichwa au kwa mkono.

Wala tusimsahau anayemtunza. Mara nyingi ni mke au binti. Afua mashuka kila siku, na huko Handeni wakati wa kiangazi maji ni ya kutafutwa. Usingizi wake si kamili, na Misa hukosa kwa miezi. Twamsifu kwa uvumilivu wake, kisha twamwachia kazi yote. Huko nako ni kunyang'anya. Umoja wa Mama na wazee wa Kanisa waweza kupanga zamu: mmoja akae na mgonjwa Jumapili ili mtunzaji aende kusali, mwingine alete maji, mwingine asindikize kliniki. Na dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa kuwa mtu ajisikia mzima, maana kiharusi huweza kurudi.

Mwenzetu aliishi miaka sita baada ya hapo. Hakupona kama tulivyoomba. Maneno yalibaki machache, na mguu aliuburuta. Pasaka moja alitaka kwenda mwenyewe mpaka altareni kupokea Komunio. Alitembea na fimbo yake taratibu sana, na safu nzima nyuma yake ikasimama. Padre alingoja. Alipofika akasema "Amina", nayo ilichukua muda kutoka. Hakuna aliyemmalizia.

Basi, ndugu, juma hili tukimtembelea mgonjwa wa namna hii, tumwamkie yeye kwanza kabla ya wenye nyumba. Tumwulize yeye hali yake. Kisha tunyamaze, tungoje jibu. Mungu atupe moyo wa kungoja.