Hatua ya Kwanza ni ya Nani?

Ndama azaliwapo alfajiri, kabla ya jua la utosi huwa amekwisha simama na kutafuta kiwele cha mama yake. Mtoto wa binadamu hana haraka hiyo. Huja duniani hawezi kuinua hata shingo yake, na karibu mwaka mzima hubebwa, huoshwa na kulishwa na mikono isiyo yake. Kwa nini kiumbe aliyepewa akili kupita wanyama wote amepewa mwanzo dhaifu kuliko wao? Swali hili lilinijia mwanangu wa kwanza alipokaribia kutimiza miezi 12. Jibu lake sikulipata kwa kusoma. Nililipata kwa kukosea.

Makuzi ya mwaka wa kwanza ni ajabu ambayo mazoea hutunyima kuiona. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 aghalabu hufikia kilo 9 atimizapo mwaka, yaani uzito wake huwa mara tatu. Mwanangu alianza kwa kucheka, akafuatisha kukaa, akaota meno, akatambaa mpaka chini ya meza yangu na kutafuna karatasi ya mtihani wa mwanafunzi. Katika hayo yote sikumfundisha hata moja. Mimi niliyesomea ualimu nilikuwa mtazamaji tu.

Walakini mtazamaji hutamani kujiona mtendaji. Jirani yetu alikuwa na binti aliyepishana na mwanangu kwa siku 9. Jioni moja mtoto yule aliwekwa chini uani, akatembea hatua nne mpaka mlangoni petu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga pamoja nao, lakini mwiba uliniingia moyoni. Mwanangu alikuwa bado akisimama dede, ameshika kiti. Usiku ule sikumwona tena kuwa mtoto anayekua. Nilimwona kuwa mtoto aliyechelewa.

Kesho yake nilimsimamisha katikati ya chumba, nikamshika mikono yote miwili, kisha nikamwachia ghafula. Nilijidanganya kuwa namfundisha ushujaa. Alisimama kitambo cha kufumba na kufumbua, akaanguka kifudifudi, na jino lake likampasua mdomo. Damu ilikuwa kidogo, kilio kikubwa. Lakini kilichonichoma zaidi si damu wala kilio. Katika kulia kwake mtoto aliinua mikono, akaielekeza kwangu mimi niliyemwachia. Hakujua kuwa mkono uliomwangusha na mkono aliouomba ni mmoja. Au pengine alijua, akasamehe kabla sijaomba radhi.

Tangu siku ile najiuliza: hatua ya kwanza ni ya nani? Ikiwa ni ya mtoto, nilikuwa na haki gani ya kuidai kabla ya siku yake? Ikiwa ni ya mzazi, basi mtoto ni farasi wa mashindano, na sisi ni wenye kumpanda. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nami nathubutu kuongeza kuwa katika kulea, kazi ngumu ni kupambanua mapenzi na majivuno, maana huvaa nguo moja. Yote mawili humtaka mtoto aendelee. Mapenzi hutaka aendelee kwa ajili yake; majivuno hutaka aendelee kwa ajili yetu. Hujulikana siku ya kuanguka: mapenzi humtazama mtoto, majivuno hutazama kama jirani ameona.

Na hofu yangu haikuwa na msingi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Baadhi yao walitembea peke yao wakiwa na miezi 8 hivi, na wengine walikaribia miezi 18. Wachache hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, nao walitembea vilevile.

Msomaji asidhani kuwa nausifu uzembe. Subira si kukaa kitako. Mzazi mwenye subira humpeleka mtoto kliniki apimwe na kuchanjwa, humlisha vema, na akiona miezi 18 imepita naye hajatembea, hutafuta ushauri wa daktari bila aibu. Muhindi hupaliliwa, hauvutwi.

Ninyi wanafunzi mtauliza haya yanawahusu nini, ilhali hamjawa wazazi. Yanawahusu, kwa sababu mwapimwa kila muhula, nanyi mwapimana wenyewe kila siku. Darasani mwangu mlikuwa na kijana aliyesoma polepole. Ilikuwa desturi yangu kumwambia aketi kabla hajafika mwisho wa sentensi, na wenzake wakacheka. Jumatatu iliyofuata nilimwacha asome. Alichukua muda mrefu, akakwama mara mbili, nami nilinyamaza. Alifika mwisho. Hapakuwa na aliyecheka.

Mwanangu alitembea siku chache baada ya kutimiza mwaka. Hakuna aliyemwita. Mama yake aliangusha kijiko, na mtoto akaachia kiti, akakifuata kwa hatua tatu, akaketi kando yake na kukitia kinywani. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, na kidogo nisingaliona. Sikupiga makofi. Niliweka kalamu chini, nikatazama.

Sasa nadhani najua kwa nini ndama husimama upesi na mtoto wa mtu hukawia. Mwaka ule mrefu wa udhaifu ni chuo, na anayefundishwa humo si mtoto peke yake. Yeye hujifunza kusimama. Sisi hujifunza kukaa karibu bila kusukuma, na kuistahili mikono anayotuinulia. Hatua ya kwanza ni yake. Yetu ni kuwapo aangukapo.