Weldi Ilishika

Aliyelaumiwa kwanza ni fundi wa kuchomelea, na lawama hakustahili. Jeki ilipotolewa chini ya pikipiki iliyoanguka, kila mshono wake ulikuwa mzima. Ilikuwa imepinduka nzima nzima, kama kigoda.

Mwenye jeki ni kijana wa boda boda, mkazi wa Lanet, nje kidogo ya katikati ya Nakuru. Jina lake tuliache, maana mkasa wenyewe ungeweza kumpata yeyote kati ya wanaojitengenezea pikipiki nyumbani. Stendi ya kati ya pikipiki yake aina ya Boxer ilikuwa imelegea kwa kubebeshwa magunia ya viazi na mitungi ya gesi, na kila akitaka kubadilisha cheni alilazimika kumwita mtu amshikilie. Akanunua jeki ya bei nafuu, ile ya mkasi: unazungusha skrubu ndefu, mikono miwili yenye mpira inapanda. Kibandiko kiliandikwa kilo 500. Pikipiki yake ilikuwa na kilo kama 120. Hesabu ikamridhisha.

Kasoro aliiona alipofika nyumbani. Jeki za namna hii zinafaa zaidi pikipiki kubwa ambazo mabomba mawili ya fremu hupita sambamba chini ya injini. Chini ya boda boda mambo ni mengine: bolti ya kumwagia oili imejitokeza, na bomba la ekzosi limepita kando yake. Ukiinulia hapo, uzito wote unaikalia bolti iliyofungwa kwenye alumini laini. Kwa hiyo wazo la kuirekebisha jeki lilikuwa sahihi. Kilichomponza ni namna alivyotaka irekebishwe.

“Mzee, niongezee vyuma vya pembe hapa juu, inchi sita hivi, nisiwe nainama,” alimwambia fundi. “Na chini unitilie magurudumu.”

“Magurudumu ya nini, kijana wangu? Unataka kuinua ama kusukuma?”

“Ni ya kuizungusha tu pale uani, mzee.”

Mzee akacheka, akashusha miwani yake, akachomelea. Alichoulizwa ni kama vyuma vitashika, na jibu lake lilikuwa kweli tupu.

Nakuru imekaa kati ya mlima Menengai na ziwa, juu ya majivu ya volkano za kale. Udongo wake ni mwepesi: kiangazi hutimka vumbi, na masika yakikolea ardhi hupasuka nyufa sehemu kadhaa. Kwenye ua wa namna hiyo, uliokuwa umenyeshewa usiku, ndipo kijana alipoipandisha Boxer hadi tairi zote mbili zikaning’inia. Nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa imeganda kwa kutu. Akachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa mikono miwili. Nati haikusogea, ila jeki ilisogea. Gurudumu moja lilididimia, mengine yakaserereka, na pikipiki ikamlalia mguuni. Mfupa ulivunjika chini ya goti, na petroli ikamwagika hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa. Moto haukuwaka, hiyo ilikuwa bahati. Mguu ulikaa kwenye plasta kwa miezi, na mkopo wa pikipiki unaolipwa kila siku haukumsubiri apone.

Zile kilo 500 za kwenye kibandiko ni uzito unaoshuka wima. Hazisemi lolote juu ya nguvu inayotoka kando, nayo ndiyo spana huleta. Tuchukue jeki yenye kitako cha sentimita 30, na kitovu cha uzito kiwe sentimita 75 kutoka chini. Ukiisukuma katika kimo hicho, nguvu ya kilo 24 inatosha kuiangusha pikipiki ya kilo 120. Ipandishe sentimita 15 kwa vyuma vya juu, zinatosha 20. Mtu mzima aliyekasirishwa na nati hupita hapo bila kujua. Lakini chukua vyuma vilevile, vifunge chini kwa bolti ili kitako kifike sentimita 60, na hata kwenye kimo kile kirefu utahitaji kilo 40. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Jeki hii wembamba wake ulikuwa kitakoni, na kila shilingi iliyotumika ilienda juu.

Anayetaka kuirekebisha ya kwake aanzie chini. Magurudumu yasiwepo, au yawe ya kung’oka kabla ya kuinua. Chini ya kitako laza ubao mpana na mzito, hata kama sakafu ni ya saruji. Kwa juu inatosha mbao ngumu iliyochongwa kufuata umbo la fremu, yenye nafasi ya bolti ya oili na ekzosi, kisha ivikwe kipande cha tairi kuukuu. Mikanda miwili kutoka kwenye usukani hadi boriti imara za paa itaizuia pikipiki isilale hata jeki ikiteleza. Na nati zote ngumu, ya ekseli ikiwa ya kwanza, zilegezwe pikipiki ikiwa bado imesimama kwa tairi zake mbili, kabla hujaigusa jeki.